Kaya 8 kwa miezi mitatu, si kaya 60 kwa siku moja

Swali

Habari za kazi mtaalamu. Sisi ni kikundi cha watu 14, wanawake tisa na wanaume watano, katika kijiji kimoja huku Newala. Mwezi wa Ramadhani tuligawa chakula kwa kaya 60, kila kaya kilo mbili za sembe na nusu kilo ya sukari. Haikupita siku tatu baadhi wakarudi kuomba tena, na wengine wakaanza kusema tumependelea ndugu zetu. Kuanzia Aprili hii tumekubaliana kila mmoja atoe shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa sababu Januari mpaka Machi ndiyo miezi watu wanateseka hasa. Tufanyeje ili safari hii msaada uonekane na maneno yapungue? (Katibu wa kikundi, Newala)

Jibu

Dada Katibu, nzuri, na poleni kwa maneno. Waliorudi siku ya tatu msiwaone walafi. Mashirika yanayolisha watu wakati wa maafa hukadiria kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na kikapu chao cha msingi huzunguka hapa: nafaka gramu 400, jamii ya kunde gramu 60, mafuta gramu 25 na chumvi gramu 5. Kaya ya watu watano, kwa kipimo hicho, inamaliza kilo mbili za nafaka kwa siku moja. Mliwapa chakula cha siku moja, wakakivuta kikafika siku ya tatu.

Kwa mwezi wa siku 30 kaya hiyo ya watu watano inahitaji kilo 60 za nafaka, kilo 9 za kunde au mbaazi, lita 4 za mafuta na robo tatu ya kilo ya chumvi. Hamna uwezo wa kubeba kaya 60 kwa kiwango hicho, wala hamhitaji kukifikia chote. Kaya nyingi huko kwenu hata Februari bado zina muhogo shambani au makopa ndani. Kinachokosekana ni mboga ya kushiba, mafuta, sabuni, na nafaka ya kupumzisha muhogo. Kwa hiyo ningewashauri mtoe nusu ya nafaka, kunde zote, na nusu ya mafuta. Kifurushi cha mwezi kinakuwa mahindi kilo 30, mbaazi au kunde au choroko kilo 9, mafuta lita 2, pakiti ya chumvi ya kilo moja, na miche miwili ya sabuni. Sukari iacheni kwenye futari.

Sasa fedha. Watu 14 kwa shilingi 10,000 ni 140,000 kwa mwezi, na kuanzia Aprili hadi Machi ni 1,680,000. Toeni kwanza asilimia 10, yaani 168,000, iwe akiba ya dharura isiyoguswa kwa ununuzi wa kawaida. Bei ninazoweka hapa ni za mfano, nyinyi wekeni za kwenu. Mahindi shilingi 700 kwa kilo, mbaazi 1,500, mafuta 6,000 kwa lita, sabuni 3,500 kwa mche, chumvi 1,000, na hela ya mashine ya kusaga 100 kwa kilo. Kifurushi kimoja kinafika shilingi 57,500. Kaya 8 kwa miezi mitatu ni vifurushi 24, sawa na 1,380,000. Mahindi yanayohitajika ni kilo 720, lakini nunueni magunia 8 ya kilo 100, maana kuna vumbi, kuna upungufu wa mizani, na kuna mgeni atakayefika na watoto watatu katikati ya Februari. Hizo kilo 80 za ziada ni 56,000. Zinabaki 76,000 za mifuko ya kuhifadhia na usafiri.

Kaya 8, basi. Najua kikaoni mtu atasimama aseme nane ni chache mno kwa kijiji kizima. Mwonyesheni hesabu ya sembe ya Ramadhani. Mkipata fedha zaidi, ongezeni kaya ya tisa kwa kiwango kilekile, msipunguze kiwango ili majina yawe mengi. Kifurushi kidogo kwa watu wengi hakizuii mama kuuza kuku wa mwisho, na hakimzuii baba kuchukua mahindi ya mkopo kwa ahadi ya korosho ambazo hata maua bado hazijatoa. Hapo ndipo kangomba, mnunuzi wa korosho wa kichochoroni, anapoingia. Debe la mahindi la mwezi wa pili hulipwa kwa korosho za mwezi wa kumi kwa bei ya kuonea huruma, na mwaka unaofuata kaya hiyohiyo inaanza na deni. Chakula kinachoshika miezi mitatu kamili kinaweza kuikinga mikorosho isiwekwe rehani. Cha siku tatu hakiwezi.

Mchango wa kila mwezi kwa mkulima wa Newala una tatizo, kwa sababu hela yake haiji kila mwezi. Inakuja na ufuta katikati ya mwaka, inakuja na mbaazi baadaye kidogo, kisha na korosho minada ikianza Oktoba na malipo yakishaingia benki. Mkidai 10,000 mwezi wa tano kwa mtu ambaye hana kitu, atakopa au atakwepa, na akikwepa mara mbili ataona aibu kuja kikaoni. Pangeni shilingi 120,000 za mwaka zilipwe kwa mafungu mawili au matatu kufuata mauzo, na wenye mshahara au duka ndio walipe kila mwezi ili mfuko usikauke. Hakikisheni tu kwamba mwanzoni mwa Agosti mna 560,000 mkononi, kwa sababu hiyo ndiyo hela ya magunia 8.

Kwa nini Agosti? Mahindi mengi yanayouzwa Masasi na Newala hushuka kutoka Ruvuma, na huko wanavuna Juni na Julai. Kuanzia hapo hadi Septemba bei huwa chini. Mkingoja Januari mtanunua pamoja na kila mwenye njaa, na hela ya kaya 8 itatosha tano. Mbaazi na choroko mnunue hapohapo kwenu zinapovunwa. Mafuta, chumvi na sabuni vinaweza kungoja Desemba.

Nunueni kwa kilo, msikubali debe wala sado. Debe la mahindi makavu huwa karibu kilo 18, lakini debe lililobonyezwa ubavuni ni hadithi nyingine, na gunia la lumbesa huwachanganya hata wenye uzoefu. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 inatosha, mkipima gunia kwa mafungu. Kabla ya kulipa, chota mahindi kutoka chini na katikati ya gunia, siyo juu tu. Kisha pima unyevu kwa chupa ya kioo iliyokauka kabisa: mahindi theluthi ya chupa, chumvi kavu vijiko vikubwa viwili au vitatu, funga, tikisa dakika tatu, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu uliozidi asilimia 15, hayafai kuhifadhiwa, yataota ukungu. Isiponata, bado yaanikeni siku moja juu ya turubai kabla ya kufunga, kwa sababu kipimo hiki hakioni unyevu wa asilimia 14. Mahindi au karanga zenye ukungu msiwape watu kwa hoja kwamba wataosha. Sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kwa kuhifadhi, mifuko ya kinga njaa ndiyo jibu. Ina tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje. Jaza, kamua hewa, sokota na funga kila tabaka peke yake. Dumuzi na fukusi waliomo ndani wanakosa hewa na kufa bila dawa yoyote. Kosa la kawaida ni kufungua kila mfuko kila wiki "kuangalia". Kila ukifungua unawapa hewa. Kwa mpango huu kila ugawaji utatumia kilo 120, hivyo fungueni mfuko mmoja uishe, kisha unaofuata. Wekeni juu ya mbao, mbali na ukuta kwa nusu mita, na mfukuzeni panya kabla ya kuingiza magunia, siyo baada, kwa sababu tundu moja la panya linaharibu kazi yote ya mfuko. Ghala liwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja.

Mafuta yawe ya chupa au dumu lililofungwa kiwandani na lenye alama ya virutubishi, siyo ya kupimiwa. Chumvi vilevile. Chumvi ya kupima inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu mara nyingi haijatiwa madini joto, na mjamzito ndiye anayeyahitaji kuliko wote. Maharage sina ugomvi nayo, ila yaliyokaa sana hula kuni za siku nzima. Choroko na kunde huiva upesi.

Mahindi muyatoe punje au unga? Punje, kwa kaya yenye mtu wa kwenda mashineni, pamoja na shilingi 1,500 za kusaga kilo 15. Dona haidumu, baada ya wiki chache inaanza kuwa chungu. Bibi anayeishi na mjukuu wa miaka minne mpelekeeni unga uliosagwa wiki hiyohiyo.

Kuhusu muhogo, tusome polepole

Sehemu hii ndiyo ninayoomba isomwe kikaoni neno kwa neno. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwaka wa kawaida watu wanamenya, wanaanika vizuri, wanangoja. Mwaka wa njaa hawangoji. Wanang'oa leo, wanaanika siku mbili, wanasaga, wanakula mchana na usiku bila mboga ya maana. Na ukame wenyewe huongeza sumu kwenye mizizi. Matokeo yake ni kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika, na ikiendelea kwa wiki kadhaa huja ugonjwa wa konzo: miguu inakakamaa ghafla, zote mbili, na hairudi tena kuwa kama zamani. Hupiga zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Umeshawahi kutokea mkoani Mtwara, kwa hiyo si jambo la kusimuliwa kutoka mbali.

Kuna njia rahisi ya kupunguza sumu kwenye unga, na mtu wa kujitolea anaweza kuionyesha kwa dakika kumi. Weka unga wa muhogo kwenye beseni, usawazishe, weka alama ubavuni pale unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Mwanzoni unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya mkeka au turubai safi, unene usizidi sentimita moja, yaani usizidi upana wa kidole. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Hapo maji yanaamsha kimeng'enya kilichomo kwenye muhogo wenyewe, kinavunja sumu, nayo inatoka kama hewa. Pika ugali siku ileile, kwa sababu unga uliolowa huchacha. Sumu hupungua mara tatu hadi sita. Watu hukosea sehemu mbili: wanatandaza unga mnene ili mkeka utoshe, hewa haitoki, au wanafunika kwa kuogopa kuku. Weka mtoto wa kufukuza kuku, usifunike.

Na hapa utaona kwa nini sikupunguza kunde kwenye kifurushi. Mwili unahitaji protini ili kuiondoa sianidi. Kilo 9 za mbaazi kwa mwezi zinafanya kazi mbili kwa mpigo, ndiyo maana afadhali mpunguze mahindi kuliko kunde. Mkipata dagaa wakavu wa bei nzuri, kilo moja kwa kaya kwa mwezi ni nyongeza bora kuliko kilo tano za unga.

Nani aingie kwenye nane

Hapa ndipo maneno yanapozaliwa. Kwanza, vigezo visomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji kabla hamjamtaja mtu yeyote. Majina msiyasome hadharani. Wapo watakaosema hiyo ni siri siri, lakini kumtangaza mtu kuwa maskini mbele ya wakwe zake ni gharama anayolipa yeye, si nyinyi. Orodha ya majina ibaki kwa watatu wa kamati, mtendaji wa kijiji, na afisa ustawi wa jamii.

Vigezo vyangu vingekuwa hivi: mzee anayelea wajukuu bila mtu mzima mwenye nguvu ndani ya nyumba, mgonjwa wa muda mrefu aliyekuwa ndiye mtafutaji, mama mwenye mtoto chini ya miaka miwili asiye na msaada wa baba, mwenye ulemavu asiye na kipato, na kaya iliyopigwa na janga mwaka huu kama moto au msiba. Kumbukeni pia mama aliyeolewa kutoka kijiji kingine akaachika, maana huyo hana ukoo wa kumsemea kwenye mkutano.

Pili, majina yapendekezwe na watu wa pande tofauti wasioketi pamoja: balozi au mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, na kiongozi wa msikiti au kanisa. Jina lililotajwa na wawili au zaidi mlitembelee. Ndugu wa mwanakikundi anaruhusiwa kuingia, lakini aliye ndugu yake atoke nje ya kikao na ziara ifanywe na wengine, na iandikwe hivyo kwenye daftari. Hilo peke yake litapunguza nusu ya manung'uniko.

Mkifika nyumbani, msiulize "mna shida gani?" Kila mtu ana shida. Ulizeni jana mlikula mara ngapi na nini. Siku saba zilizopita mmekula kunde, samaki au nyama siku ngapi. Mwezi uliopita mmeuza au kuweka rehani nini ili mle. Majibu yakiwa mlo mmoja, ugali na kisamvu kisicho na nazi wala karanga, na sufuria au jembe vimeuzwa, mnajua. Ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, inawachanganya wageni. Kula ming'oko si dalili ya njaa, hata mjini inauzwa ikiwa imechemshwa na watu wanaifurahia. Inakuwa dalili pale watoto wanapoacha shule kwenda kuichimba, na jioni hakuna kingine jikoni.

Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, msiikate moja kwa moja. Ulizeni inapata kiasi gani, malipo ya mwisho yalikuwa lini, na ndani wapo wangapi. Ruzuku inayokuja kila baada ya miezi miwili inaweza kuisha yote dukani kulipa deni siku ileile.

Mwezesheni pia mtu kukata rufaa: anayeona ameachwa amwambie mtendaji, na wawili ambao hawakufika mara ya kwanza wamtembelee ndani ya wiki moja.

Katika ziara hiyo pimeni watoto wa miezi 6 hadi 59 kwa mkanda wa mkono. Mhudumu wa afya anao na anajua kuutumia. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto aende zahanati siku hiyohiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, aandikishwe na apimwe tena. Bonyezeni pia juu ya miguu yote miwili kwa sekunde tatu. Kidole kikiacha shimo, ni zahanati hata kama mkono ni wa kijani. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anahitaji dawa lishe na uangalizi, na kumshindilia ugali na mafuta nyumbani kunaweza kumdhuru. Na tafadhali msigawe maziwa ya kopo kwa wenye watoto wachanga, hata mkipewa bure. Maji yasiyo salama, kipimo kinachopunguzwa ili kopo lidumu, na maziwa ya mama yanayokauka kwa kutonyonywa huleta kuhara na vifo. Mlisheni mama, yeye atamnyonyesha mtoto.

Siku ya kugawa

Gaweni kila wiki mbili, siyo mara moja kwa mwezi: mahindi kilo 15, kunde kilo 4 na nusu, mafuta lita moja, mche mmoja wa sabuni. Chumvi itoke mara ya kwanza ya mwezi. Gunia kubwa ndani ya nyumba ya maskini linaonekana, na mwenye duka anayedai ataliona kwanza. Kila wiki mbili mnapata pia sababu ya kuangalia watoto.

Pelekeni nyumbani, watu wawili wawili, na waliotembelea kuchagua wasiwe haohao wanaopeleka. Pimeni mbele ya mpokeaji kwa mizani ileile. Asaini au aweke dole gumba kwenye daftari lenye tarehe na kilo. Msipige picha za wapokeaji. Mfadhili akitaka ushahidi, mpigieni picha magunia, mizani na ukurasa wa jumla usio na majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mtoto atakayeonekana kwenye simu za darasa zima akipokea unga hatawasahau kwa wema.

Mtagundua kwamba wengine wanamegea jirani. Msigombe. Hiyo ndiyo bima yao ya mwezi ujao. Lakini mkiona mahindi yenu sokoni, ulizeni taratibu kabla ya kuhukumu. Mara nyingi yaliuzwa kununua dawa, na dawa ndiyo ilikuwa shida ya kwanza tangu mwanzo. Ikiwa mume ndiye anayeuza akanywe, mpokeaji awe mke na kipimo kiwe cha wiki.

Kuna atakayeuliza kwa nini msitume hela kwa simu. Agosti ningekubali. Februari bei ikiwa juu, mahindi mliyonunua mapema yana thamani kuliko hela ileile. Hela itumike pale inapofaa zaidi, kwa mfano nauli ya kwenda hospitali, na ukituma ongeza ya kutolea. Angalia pia laini ni ya nani. Wazee wengi hupokea kwa laini ya mjukuu, na mjukuu yuko Dar es Salaam.

Vitu msivyopaswa kununua

Kabla ya kutumia akiba, angalieni kile ambacho tayari ni haki ya mtu. Chandarua hutolewa bure kliniki kwa mjamzito na mtoto, na Mtwara, Lindi na Ruvuma ndiko ugawaji wa vyandarua kupitia shule ulikoanzia mwaka 2013. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha wa gharama katika vituo vya serikali. Mzee anakosa kwa sababu hana barua ya mtendaji wala kitambulisho, au hana wa kumsindikiza kwa afisa ustawi wa jamii. Kumsindikiza kunagharimu asubuhi moja na nauli, na kunaweza kumfaa kuliko vifurushi viwili.

Akiba ya 168,000 iende kwa vitu ambavyo hakuna mwingine anavitoa: ndoo ya lita 20 yenye mfuniko kwa kaya isiyo na chombo safi cha maji, taulo za kike za kufuliwa kwa wasichana, sare moja kwa mtoto aliyeacha shule kwa sababu ya nguo, au maji ya kununua kwa mgonjwa pale foleni ya bomba inapochukua siku nzima. Mtoto akiharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, wakati mnajiandaa kwenda zahanati kuchukua pakiti za maji chumvi na vidonge vya zinki.

Hesabu na vyeo

Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri awaelekeze usajili wa kikundi. Bila hilo hamtafungua akaunti ya kikundi, na hela itabaki kwenye simu ya mtu mmoja. Watia saini wawe watatu, kutoa kuhitaji wawili. Kusimamisha magari barabarani au kupita na ndoo sokoni msifanye bila kibali. Mwisho wa kila mwezi bandikeni karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: hela iliyoingia, iliyotoka, kilo zilizonunuliwa, zilizogawiwa, zilizobaki ghalani, na idadi ya kaya. Kilo zilizobaki zihesabiwe na mtu wa nje ya kikundi. Mwanasiasa akitaka kutoa magunia, pokeeni mapema, siyo siku ya kugawa, na fulana zake zibaki nyumbani.

Zaka ya fitri itunzwe peke yake. Ina kipimo chake, pishi moja kwa kila mtu, ina wakati wake kabla ya swala ya Idi, na ina wanaostahiki wake. Haifai kununulia mifuko ya kuhifadhia wala kuchanganywa na mfuko wa Januari. Sheikh wenu ndiye wa kuulizwa hapo. Kaya 60 za Ramadhani zinaweza kuendelea kupata chakula kutoka mfuko huo, na mkiwaambia wazi kwamba ni mifuko miwili tofauti, 52 ambazo hazimo kwenye mpango wa njaa hazitahisi zimefukuzwa.

Siku ya kwanza mwambieni kila mpokeaji tarehe ya mwisho. Kuanzia mwishoni mwa Machi kunde na mahindi mabichi huanza kuonekana mashambani mvua zikiwa nzuri. Zikichelewa, kilo 80 za ziada na akiba viwasogeze wiki mbili mbele. Ila kati ya nane, moja au mbili hazina mavuno ya kungoja, kwa mfano mzee kipofu asiye na mtoto. Hao muwaandike kando tangu Januari, mjaze maombi yao ustawi wa jamii, mkae na ukoo na majirani kupanga nani anapika siku gani, na nusu kifurushi chao kiendelee mwaka mzima. Kaya hizo zikiwa mbili, kwa miezi tisa iliyobaki nusu kifurushi kinafika shilingi 517,500 kwa bei zile za mfano, kwa hiyo liamueni hilo Aprili mnapopanga idadi, maana linaweza kuwashusha kutoka kaya nane hadi tano.